Palepale, kwa Sauti Ileile

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nianze na hilo, maana waliomjua kwa kusikia tu hunikatalia nikisema kwamba yule bibi aliyetufundisha uaminifu wa kuandika alitufundisha kwa vitu vya kurusha. Mimi nimerushiwa ndara, nimerushiwa rula, na siku moja nilirushiwa mfuniko wa birika la chai, ungali wa moto. Kosa langu siku hiyo lilikuwa kuandika kwamba mafuta ya karafuu yamethibitika kuondoa maumivu ya mgongo.

"Kathibitisha nani?" aliniuliza.

Nikamwambia kila mtu anajua.

"Kila ntu hana jina. Nipe ntu mmoja mwenye jina, nende nikamuulize."

Sikuwa naye, na mfuniko ukanipata begani mbele ya ofisi nzima. Nilikwenda nyumbani nalia kwa hasira, nikaapa sirudi. Asubuhi nikarudi. Juu ya meza yangu nikakuta mkate wa mofa umefunikwa kwa sahani, na yeye hana habari na mimi, anasoma. Ndivyo alivyokuwa akiomba radhi kwa ukali wake: kwa chakula, bila ya neno. Nilimchukia mpaka nilipoumega ule mkate, kisha sikuweza tena.

Tulimwita Mhariri. Chake Chake nzima ilimwita hivyo, hata wauza samaki sokoni: "Mhariri, njoo, changu wa leo hawa." Jina alilopewa na wazee wake silitaji. Mwenyewe alisema jina lake liko chini ya makosa yake, na huko linatosha.

Kazi yetu ilikuwa tovuti. Mwenye tovuti alikuwa tajiri aliyekuwa pia na nyumba ya wageni kaskazini, upande wa Micheweni, ambako Wazungu huja kujinyoosha ufukweni na kuvuta pumzi kwa mpango. Alitaka ukurasa wa yoga, lishe na tiba za kwetu, singo, kuumika, mafuta ya kukandia, usomwe na wageni kwa lugha zao na sisi kwa Kiswahili. Mimi niliandika upande wa Kiswahili. Ofisi ilikuwa ghorofani, na chini yetu palikuwa na duka la misumari na mabati. Huyo muuza misumari mshike hapo, nitamrudia.

Mhariri aliikuta tovuti inaahidi kila kitu. Fanya zoezi hili, ini litasafika. Kunywa hiki, uzazi utafunguka. Akazifuta ahadi zote, kisha akaweka sheria zake. Kila makala iwe na jina la mwandishi. Mwandishi akipewa kitu, msomaji aambiwe kapewa nini na kapewa na nani. Makala ya dawa isitoke mpaka daktari aisome, na jina la daktari liwepo. Tangazo liitwe tangazo, kwa herufi za kusomeka na mtu mzima aliyesahau miwani. Na chini ya kila makala tuweke kipande alichokiita "Tusiyoyajua". Humo tuliandika, kwa mfano, kwamba hatujui kama zoezi hili linamfaa mwenye mimba changa, au kwamba tuliozungumza nao ni wanawake wa mtaa mmoja tu.

Mwenye tovuti alipiga simu akilalamika kwamba tunajitia aibu, tunaonekana hatujui kazi.

"Yako tusiyoyajua," Mhariri akamjibu. "Anayejua yote mwache auze uganga."

Ukali huu ulikuwa na kaburi nyuma yake. Mjomba wake aliugua kisukari, akasoma mahali kwamba unga wa majani fulani unatosha, akaacha sindano za hospitali. Akaoza kidole, akakatwa mguu, akafa. Mhariri ndiye aliyemfunga vidonda. Alikuwa akituambia harufu ile tukiwa tunakula, makusudi, mwandishi mmoja akikosea.

Kwa hiyo alipokuja muuza dawa ya kisukari kumletea mwenzetu beberu, na mwenzetu akaandika sifa ndefu za dawa hiyo, Mhariri hakuizuia makala; aliitoa na jibu la daktari chini yake. Aliongeza mstari juu kabisa: "Mwandishi wa makala hii amepewa mbuzi na muuza dawa." Akaongeza na la mjomba, mguu na yote. Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Muuza dawa hakucheka. Alipanda ngazi zetu na panga.

Sisi wengine tuliingia chini ya meza. Mhariri alimkabili mlangoni na mchi, ule wa kutwangia tangawizi ya chai. Panga likashuka, likakwama kwenye fremu ya mlango, na kabla hajalichomoa akapigwa mchi wa goti. Nilisikia mfupa. Alibingirika ngazi zote mpaka miguuni kwa muuza misumari, ambaye alimkalia kifuani, akamnyang'anya kisu kingine alichokuwa nacho kiunoni, akampiga makofi mpaka akaomba maji.

Mbuzi tulimrudisha mzima, ingawa mimi nilikwisha mtia pilau moyoni.

Nilitegemea Mhariri atashuka kumshukuru muuza misumari. Alishuka, akampita kama anavyopita nguzo. Kila asubuhi yule bwana alisimama anapomwona, akasema, "Asalaam alaykum, Bibi." Na kila asubuhi Bibi hakuitikia. Kuitikia salamu ni wajibu, yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha wajibu wote, na huu aliuacha ngazini kila siku inayokuja. Niliona aibu kwa niaba yake.

Sikumuuliza, maana kwetu siku zile sababu haikuulizwa. Vyama vingi vilipoingia tuligawana kila kitu, maduka, visima, na misikiti. Tuligomeana hata mazishi. Nimeona jeneza linabebwa na wazee wanne wanaotweta, na barazani wamekaa vijana wenye mabega yao wakilitazama linavyoyumba. Nimeona mikarafuu imekatwa usiku mmoja, shamba zima, na mwenyewe amekaa chini kati ya visiki kama mtu aliyepigwa nyundo. Watu walipakwa kinyesi milangoni. Walipigwa marungu mpaka wakakojoa damu, na waliowapiga tuliwajua, tulisoma nao Kurani chuoni, walikula futari kwetu. Kwa hiyo ukiona wawili hawaamkiani, ulihesabu ni upande huu na upande ule, ukaenda zako.

Nirudi kwenye sheria zake, maana moja sijaisema, nayo ndiyo kubwa. Kosa halifutwi kimyakimya. Tovuti nyingine wakikosea huingia ndani, wakabadilisha neno, wakatoka kama hawakuwepo. Kwetu ukikosea juu, unasahihisha juu, kwa herufi zilezile, na jina lako.

Alisema hii haikutoka ng'ambo, imetoka kwao Wesha. Mtu akimsingizia mwenzake kisimani, wazee hawakumpokea radhi yake barazani wala nyumbani kwa mtu. Walimrudisha kisimani, saa ya ndoo, wanawake wamejaa, akalirudisha neno palepale, kwa sauti ileile aliyolitolea. Na aliyedhurika sharti awepo asikie. Akinong'ona, anarudia.

"Mbona mfuniko wa birika ulinirushia mbele ya watu, mkate ukaniletea kwa siri?" nilimuuliza siku moja, nikiwa karibu na mlango.

Aliendelea kusoma. Kesho yake aligonga meza kwa rula, watu wote wakainua vichwa, akasema kwa sauti ya ugomvi kabisa, "Mfuniko ule nilimkosea. Naomba radhi." Kisha akarusha makala yangu sakafuni kwa kuwa haikuwa na jina la daktari.

Na yoga yenyewe? Mwenye tovuti alitaka tusiseme ilikotoka, watu wa kwetu wasije wakachukia. Tuseme ni mazoezi tu. Mhariri akakataa katakata. Akaandika kwa mkono wake kwamba yoga imetoka India, kwamba ina mizizi katika ibada za huko, kwamba sisi tunafundisha kunyoosha viungo na kupumua basi, na asiyeridhika aache, hakuna atakayemlaumu. Siku ya pili tulivunjiwa dirisha. Jiwe lilipita juu ya kichwa changu likapasua saa ya ukutani. Mhariri alizoa vigae vya kioo kwa viganja, anatoka damu, na uso wake umekunjuka.

"Wamesoma," akasema.

Sasa macho yake. Alivaa miwani mizito, na akitaka kusoma aligeuza kichwa kushoto, shavu juu, kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Tulidhani ni maringo. Ukimuuliza jicho lina nini, mimi aliniambia alianguka baiskeli. Zuhura, nitakayemfikia sasa hivi, aliambiwa ni dafu lilimwangukia. Mwenye tovuti aliambiwa kazaliwa hivyo. Mwanamke aliyetudai jina la kila shahidi alikuwa na hadithi tatu za jicho lake mwenyewe, na sote tulizijua zote tatu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza, "Kathibitisha nani?"

Zuhura ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa mazoezi. Binti wa watu waliotoka Omani zamani, waliokuwa na mashamba ya mikarafuu, na baba yake siku hizo akiuza vitambaa. Aliwafundisha wanawake waliotoka uzazini, milango imefungwa, na mara moja moja alikwenda Micheweni kuwafundisha wageni wa tajiri. Mpole, mcheshi, haya nyingi. Mhariri alimpenda kwa kuwa alikuwa akisema "sijui" bila ya kuona taabu.

Picha ilitoka kule kwenye nyumba ya wageni. Mgeni wa kike amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, na Zuhura ubavuni amemshika kiuno. Chini ya unyayo wa mgeni pana mswala. Si mkeka wowote, ni mswala wa kusalia, wa ukindu, wa umbo la yai, ule ambao mama zetu huuviringisha wakauweka juu ya kabati, asiukanyage hata paka. Mwenye tovuti alinunua kadhaa sokoni kupambia vyumba, kwa kuwa rangi zake nzuri, na mpiga picha, mgeni naye, akauona unapendeza mchangani. Zuhura alipofika alishtuka, akamshika mgeni kiuno kumtoa juu yake. Hapo ndipo picha ilipopigwa. Maneno ya chini yakaandikwa na mpiga picha: mwalimu akimwelekeza mgeni.

Siku picha ilipofika ofisini mimi nilikuwa Micheweni nazungumza na wakulima wa mwani. Wenzangu walinieleza. Kwa sheria yetu picha humalizikia kwa Mhariri. Aliisogeza puani, akageuza kichwa kushoto, akasema, "Mkeka mzuri." Ikatoka.

Muuza misumari aliiona kwenye simu yake. Hakupanda ngazi kutuuliza. Alifunga duka akaenda nayo msikitini, na waliposali laasiri, wakatoka wengi wakiwa kitu kimoja. Watu wa upande huu na upande ule, ambao hawakuzikana kwa miaka, siku hiyo waliokota mawe pamoja.

Nilipofika mjini nyumba ya kina Zuhura ilikuwa imezingirwa. Madirisha yote yamevunjwa. Baba yake kakaa kizingitini, mkono umevunjika unaning'inia, na kaka yake kalala ubavu, kichwa kimepasuka, kanzu yote nyekundu. Zuhura alijifungia jikoni. Walikuwa wakimwita atoke, na majina waliyomwita siyaandiki. Mmoja alikuwa anamwagia mlango mafuta ya taa. Nilisikia ile harufu nikakimbia, si kwenda kumwokoa, kwenda ofisini.

Mhariri alikwisha kupigiwa simu na Zuhura kutoka jikoni, akaelezwa yote; sasa alikuwa kwenye simu na mwenye tovuti. Sauti ya tajiri tuliisikia sote.

"Ifute. Uandike mwalimu huyo hatuna tena uhusiano naye."

"Niifute, Zuhura abaki nalo kosa?"

"Unataka waje kwetu?"

"Ndiyo," akasema Mhariri, akakata.

Akaketi akaandika. Palepale ilipokuwa picha, juu, kwa herufi zilezile, akaweka maneno haya: Picha iliyokuwa hapa ilipitishwa na Mhariri kwa kosa lake. Zuhura alikuwa akimtoa mgeni juu ya mswala. Mhariri haoni kwa jicho la kushoto, na la kulia linafifia. Hakuwaambia wasomaji wala wenziwe. Akatia jina lake lote, mpaka la babu. Mimi niliyesimama nyuma yake niliyasoma mara mbili nisiamini.

"Bibi, wale hawasomi sasa hivi," nikasema.

"Najua. Twende kisimani."

Alipita katikati ya watu kwa viwiko. Jiwe lililokuwa linakwenda dirishani lilimpata kwenye paji la uso, na damu ikamshukia kwenye miwani. Alipanda juu ya kizingiti, akamsogeza baba yake Zuhura kwa mguu taratibu, akasimama mgongo wake umegusa ule mlango uliolowa mafuta.

"Nisikilizeni! Picha ile kaipitisha nani? Mie! Si Zuhura. Zuhura alikuwa anamtoa yule ntu pale. Mie ndiye niliyewaonesheni mkageuza maana."

"Muongo weye!" mmoja akapiga kelele. "Mswala hukuuona?"

"Sikuuona." Akavua miwani. "Jicho hili limekufa. Lilipasuliwa kwa rungu Wesha, kwenye kiwanja cha mnada wa samaki, mwaka wa uchaguzi, mchana kweupe. Nimewaambia watu baiskeli, nimewaambia watu dafu, uongo wote. Asiyeona hapitishi picha. Kosa langu, na mie ndiye huyu. Haya, mwenye jiwe anipige mie."

Lile jicho lilikuwa jeupe na lina mshono. Sikuwahi kuliona bila ya kioo. Watu wa mbele walirudi nyuma kidogo, na wa nyuma wakawa wanauliza kuna nini.

"Nani kakupiga?" sauti ikauliza.

"Hilo si kosa langu, siwezi kulisahihisha mie. Yu hai mwenyewe, na mdomo anao."

Muuza misumari alikuwa mstari wa mbele, na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto mikononi. Alilidondosha likamponda kidole cha mguu, na hakuonekana kuhisi. Akakaa chini vumbini, kanzu yake nyeupe na yote. Nilidhani ameona haya kwa ajili ya Zuhura, nikamsifu moyoni. Kiongozi akikaa, watu hawajui tena wafanye nini na mawe yao. Mwenye dumu la mafuta aliondoka nalo kama ametumwa dukani. Walitawanyika polepole, wakigombana wenyewe kwa wenyewe nani aliyeanza.

Zuhura alitoka jikoni na mchi mkononi. Alipomwona Mhariri alimfuta damu kwa ushungi wake. Kaka yake alipona, ila hadi leo hasikii sikio moja. Baba yake mkono ulikaa vibaya, hawezi tena kukunjua jora la kitambaa. Nayasema haya kwa kuwa wapo wanaopenda kuhadithia siku ile kana kwamba ilikwisha vizuri.

Mwenye tovuti alimfukuza kazi Mhariri kwa simu. Muuza misumari alifunga duka, mwezi haukwisha, akauza mabati yake yote. Tovuti ipo hadi sasa. Haina tena kipande cha "Tusiyoyajua", na ini linasafika kama kawaida.

Mara ya mwisho Mhariri nilimkuta Wesha, kwa dadake, nyumba ya karibu na bandari. Miaka ilikuwa imepita. Nilipiga hodi, nikasikia mwanamume anasoma kwa sauti, na sauti ya Mhariri inamkatiza.

"Kasema nani?"

"Hawakuandika, Bibi."

"Ruka. Soma inayofuata."

Macho yote mawili yalikuwa yamekwenda. Amekonda, mikono imebaki mikubwa. Aliyekuwa akimsomea, simu ameiweka mbali na uso kama wafanyavyo watu wazima, alikuwa muuza misumari. Ndevu zote zimekuwa nyeupe. Alinitazama, akainuka, akasema anakwenda mnadani kumtazamia Bibi kitoweo, akatoka.

Nilimbusu Mhariri mkono. Alinipapasa bega, palepale pa mfuniko.

"Chejambo, mwanangu? Unaandika bado?"

"Naandika, Bibi. Huyu vipi? Ulikuwa humwitikii salamu."

Alitafuta kikombe chake kwa vidole, akakipata, hakunywa.

"Ndiye," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa kwamba ndiye mwenye rungu, nilisimama. Nilitaka kumfuata yule mzee nimpige na kiti, na nilimwambia hivyo.

"Kaa chini. Hujasikia lililo baya. Rungu si kitu, rungu alipewa na wakubwa zake na mie nilikuwa upande ule. Lakini alipoona watu wa mnadani wananikimbilia kuniokoa, alipiga kelele, mwizi! Mwizi huyo! Basi wale waliokuja kuniokoa wakapokea. Hakuna aliyeuliza kaiba nini, kamwibia nani. Wavuvi niliokua nao, kina mama niliochota nao maji. Walinipiga mateke mpaka jicho lililopasuliwa kwa rungu likafa kabisa. Na mpaka leo, mwanangu, nikipita hapo nje na bakora yangu, wapo wanaovuta vikapu vyao karibu."

Nikalia. Sikuona haya kulia, haoni.

"Alikuja mwaka juzi," akaendelea. "Akaingia humu, akafunga mlango, akalia kama weye hivyo, akaomba radhi. Nikamwambia, kwani ulinipiga chumbani? Hukuniita mwizi kwa kunong'ona. Nenda hapo mnadani wakati watu wamejaa. Akasema hawezi. Nikamwambia basi soma. Kila siku anakuja anasoma, anapita mnadani kwenda, anapita mnadani kurudi."

"Hutamsamehe?"

"Nani kakwambia sijamsamehe? Msamaha ni wangu, nilishautoa, ningekuwa na kinyongo angekula kwangu? Hili jingine si langu. Ni la wale wenye vikapu."

Nikamuaga kabla sijasema neno la kumuudhi. Njia ya kwenda kwenye gari inakatiza kiwanja cha mnada, na mnada ulikuwa umepamba moto, madau yameshusha, dalali anapaza bei ya nguru, watu wamebanana bega kwa bega. Muuza misumari alikuwa katikati yao, karibu na lundo la samaki, kikapu kitupu mkononi.

"Mzee, nunua au pisha," dalali akamwambia.

Hakupisha. Aliweka kikapu chini. Nikaona mkono wake mmoja umeinuka juu, kama wa mtoto darasani.

"Watu wa Wesha," akasema, na haikusikika. Mtu akamsukuma. Akajaribu tena, na safari hii ilimtoka sauti ambayo sikudhani anayo, mpaka dalali akanyamaza. "Watu wa Wesha! Siku ile niliyopiga kelele hapa, mwizi..."

Sikusubiri. Aliyedhurika sharti awepo. Nilikimbia na viatu mkononi, nikaingia bila ya hodi.

"Bibi! Yupo mnadani. Anasema."

Hakushtuka. Aligeuza kichwa kushoto, shavu juu, kama zamani.

"Ananong'ona?"

Tukatega masikio. Kulikuwa na zogo sasa, mtu anatukana, kitu kimerushwa kikavunjika, na juu ya zogo hilo sauti moja kuukuu inakatika na kuanza tena: hakuwa mwizi, nilisema uongo, hakuwa mwizi.

"Anapiga kelele, Bibi. Wanampiga."

Akainuka, mkono umenyooshwa mbele kutafuta ukuta.

"Nipe buibui langu," akasema. "Na ule mchi."